Lipu Juu ya Ufa

Kaka yangu akitaka jambo, hupiga honi. Hashuki kwenye gari kugonga geti kama binadamu wengine. Anakandamiza honi mpaka mtu atoke mbio kumfungulia, na mtu huyo siku zote ni mimi. Siku ile nilikuwa nafua, nina povu mpaka viwikoni, nikatoka hivyo hivyo nikidhani kuna msiba. Nikamkuta ameshusha kioo, anatabasamu.

"Nimekuletea fundi," akasema.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa nimemwomba fundi huyo tangu siku Mama alipoanguka, nimemwomba kwa simu, kwa ujumbe, kwa kupitia mkewe, wifi yangu, kwa kulia na kwa kutukana, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Tutaangalia." Nikaona, kumbe ameangalia.

Njia yetu ya gari inatoka getini mpaka barazani, zege tupu, kushoto ukuta na kulia ukuta, na mtu hana njia nyingine ya kuingia wala kutoka. Ilimwagwa wakati baba yetu yuko hai na gari letu liko hai pia. Baba akafa, gari likafa, zege likabaki kulelewa na jua na mvua. Lilianza na nyufa nyembamba ambazo tulizikanyaga tu bila kuzijali. Kisha ukatokea ufa mmoja, baba yao wote, ukakata njia nzima kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, na upande wa getini ukadidimia. Mwenye miguu anauruka huku anaongea na simu. Mama hana miguu ya kuruka. Ilimgomea zamani, anakwenda kwa kiti cha magurudumu, na kiti kile kina vigurudumu viwili vidogo mbele ambavyo vilitosha kabisa kuingia ndani ya ufa ule. Siku vilipoingia, kiti kilisimama na Mama akaendelea. Alianguka kifudifudi, akavunjika kifundo cha mkono.

Mkono ulipona, lakini Mama hakutoka tena. Na mtu asiyemjua Mama hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Kila jioni alikuwa akishuka mteremko wa baraza, anasukuma magurudumu yake mwenyewe, hataki msaada wa mtu, anafungua geti na kukaa nje pembeni mwa barabara. Hapo alisalimiana na mtaa mzima. Alijua nani ana mimba kabla mwenye mimba hajajua. Aligombanisha watu, akawapatanisha, akacheka mpaka akakohoa. Getini ndiko alikokuwa akiishi. Ndani alikuwa akilala tu. Baada ya kuanguka akawa anakaa dirishani sebuleni, anatazama geti kwa mbali, na mwanamke yule wa maneno mengi akawa mtu wa ndiyo na hapana.

Kwa hiyo nilimfungulia Kaka geti kwa moyo mweupe. Akaingia na gari lake mpaka ndani, magurudumu yakadunda kwenye ufa, akashuka akiwa amekunja uso kama vile ufa ule ni mimi niliyeuchimba. Upande wa pili akashuka fundi, mtu mrefu mwenye kofia iliyoganda saruji. Akachuchumaa, akatia vidole ndani ya ufa, akatoa udongo, akaunusa.

"Huku chini udongo umeondoka," akasema. "Maji ya mvua yameula. Hapa inatakiwa tuvunje pande zote mbili, tushindilie chini, tumwage zege jipya lenye nondo. Tukate na mistari, ili siku likitaka kupasuka lipasukie kwenye mstari. Halafu linamwagiliwa maji kila siku, lisikanyagwe mpaka lishike."

"Muda gani?" Kaka akauliza.

"Kama wiki mbili hivi, bosi."

"Mimi Jumamosi nina wageni."

"Ndiyo, bosi."

"Piga lipu tu juu. Nyembamba, iwe laini, tia na rangi nyekundu. Ipendeze."

"Ndiyo, bosi."

Papo hapo nikampa jina: Fundi Ndiyo. Nikamsogelea. "Hiyo lipu haitapasuka?" nikamuuliza. Akanitazama mimi, akamtazama Kaka, akatazama viatu vyake.

"Itapendeza, dada," akasema.

Ndipo nikaelewa. Binti mkubwa wa Kaka alikuwa anaolewa, na wakwe walitaka kuja kujuana na familia hapa, nyumbani kwa bibi yake. Mama alipolala chini na mkono umepinda, ratiba ya Kaka haikuwa na nafasi. Wageni wa kunywa chai walipotajwa, nafasi ikapatikana.

Na hakuwa amemaliza. Akaenda mpaka barazani, akaupiga mteremko wa Mama kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki kilima nacho kinaondoka. Tunaweka ngazi za kisasa, zenye vigae."

"Mama atatokaje?"

"Kwani Mama anatoka?"

Nilishindwa kupumua kwanza. Kisha nikaweza, na majirani wote wakajua kwamba nimeweza.

"Hatoki kwa sababu ya ufa! Ufa huo huo unaotaka kuupaka poda!"

"Hatoki, na heri hatoki! Unataka aanguke tena? Akifa ni mimi nitakayeulizwa, ni mimi nitakayemzika!"

"Unamzika sasa hivi, akiwa anakutazama dirishani!"

Tuligeuka wote wawili. Mama alikuwa pale kweli, kiwiko juu ya kizingiti cha dirisha. Hakuonyesha kumuunga mkono yeyote.

"Chai inapoa," akasema.

Wiki ile ilinitoa nywele. Rundo la mchanga lilimwagwa mbele ya geti, vumbi likaingia mpaka kwenye sufuria. Fundi Ndiyo alifagia zege, akalimwagia maji, akauziba ufa kwa mabaki ya matofali na mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, naam, makaratasi, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia hata keki haijazwi karatasi. Akasema, "Dada, mimi nafanya ninachoambiwa." Kila nilipotoka kazini nilimpa fundi vidonge vyake vya maneno, na kila niliporudi ndani Mama alikuwa amekaa pale pale dirishani, anafuatilia mwiko wa fundi unavyokwenda na kurudi.

Alhamisi walipiga lipu. Ikanyesha mvua, ikakokota lipu yote nyekundu mpaka barabarani, mtaa ukaonekana kama mtu amechinja. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kaka hakucheka. Ijumaa jioni ikapigwa upya, na Jumamosi asubuhi njia yetu ilikuwa inang'aa, nyekundu, laini kama siagi, na mbichi kama siagi vilevile. Kidole kilizama. Kaka aliliacha gari nje, akaja kwa kutembea juu ya mbao zilizotandikwa kando ya ukuta, mikono ameitanua asipoteze mizani, suti nyeusi, viatu vinameta.

"Jua litaikausha," akasema. "Wageni wanakuja mchana. Ngazi sasa."

"Ngazi haziwahi, bosi," akasema fundi.

"Vunja hicho kilima, panga matofali, tupia kapeti juu. Nani atajua?"

"Ndiyo, bosi." Akaenda kuchukua nyundo kubwa, ile ya kuvunjia kuta.

Nikakaa juu ya mteremko. Sikuwa nimepanga, miguu ilinipeleka, nikajikuta nimekaa katikati, nimekumbatia magoti, na kanga ya jikoni kiunoni.

"Inuka," akasema Kaka.

"Mwambie fundi wako aanze na kichwa changu."

"Una wazimu wewe! Wakwe wanakuja wakukute umekaa chini kama kuku?"

"Wanikute! Niwaeleze bibi wa binti yako anakaa wapi na kwa nini!"

"Siku zote wewe ni kunitia aibu! Mimi natengeneza, wewe unabomoa!"

"Unatengeneza nini? Mama amekuomba lipu? Mama amekuomba vigae?"

Mate yalinitoka, nakiri. Yeye mishipa ya shingo ilimsimama. Fundi Ndiyo alisimama na nyundo yake begani, akisubiri familia iamue avunje wapi. Tulikuwa tukipigiana makelele juu ya Mama, kwa jina la Mama, kwa faida ya Mama, na sauti iliyotokea nyuma yangu ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilidhani ni ya redio.

"Nipishe."

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, ndani ya kiti chake. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile ambalo halijatoka kabatini tangu mkono uvunjike, na hereni. Jinsi alivyojihamisha kitandani, akajivika na kujifungia vifungo vyote vya mgongoni bila sisi kusikia, sijui. Au najua. Tulikuwa tunapiga kelele.

"Mama, lipu bado mbichi," nikasema.

"Nimesema nipishe."

Nikainuka. Niseme nini? Nilipisha. Magurudumu yakaukamata mteremko, naye akawa anayazuia kwa viganja ili yasikimbie, taratibu, uso mbele. Kaka akapiga yowe.

"Mama! Mama, simama! Lipu!"

Vigurudumu vya mbele vikaingia kwenye ule wekundu. Kaka aliruka hadi ukingoni, akanyanyua mguu ili aingie kumzuia. Akautazama mguu. Akakitazama kiatu. Akaushusha mguu pale pale ulipokuwa. Mpaka leo nikitaka kukasirika, na nikiwa sina sababu nyingine karibu, huukumbuka mguu ule.

Mama aliendelea. Lipu yenyewe ilikuwa nyembamba kama chapati; magurudumu yaliikata mpaka yakafika zege la zamani, saruji nyekundu ikajikunja pembeni, nyuma yake ikabaki mistari miwili iliyonyooka. Alisukuma kwa mkono mzima na kwa mkono mbovu, alitweta, hakuita mtu. Alipofika katikati, mahali ambapo palikuwa laini na pazuri sawasawa na kwingine kote, akapunguza mwendo mwenyewe. Vigurudumu vikazama. Karatasi na vipande vya matofali vikalia chini yake. Kiti kikasimama, na safari hii Mama hakuanguka, kwa sababu alijua ufa uko wapi hata kama umepakwa rangi.

Akakaa pale. Akapangusa viganja kwenye paja, gauni la bluu likapata madoa mekundu.

"Mmekuwa mkinigombania kama kabati," akasema, bila kugeuka. "Huyu anataka nisukumwe huku, huyu anataka nisukumwe kule. Hamjaniuliza hata mmoja. Wewe mwenye suti hujaniuliza. Na wewe mwenye mdomo hujaniuliza."

Mwenye mdomo nilifunga mdomo.

Ndipo tukasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Wakwe walikuwa wamefika mapema. Geti lilikuwa wazi, na watu wamejaa hapo nje na mavazi yao ya heshima, wanawake mbele, mzee mmoja mwenye kofia, bwana harusi mtarajiwa, na mbele yao wote bibi mfupi mwenye fimbo. Walikuwa wanamtazama Mama, na Mama anawatazama wao, na kati yao hakuna kitu isipokuwa lipu.

"Mtoe," Kaka akaninong'oneza. "Mtoe haraka."

"Mtoe wewe."

Akatanua tabasamu lake la ofisini. "Karibuni, karibuni sana, piteni kwenye mbao. Samahanini jamani, Mama yetu ni mgonjwa. Siku hizi kichwa kinamchanganyikia kidogo."

Nilidhani nilikuwa na hasira tangu mwanzo. Haikuwa hasira, ilikuwa kelele. Hasira ilikuja pale. Ilikuja kimya, nikawa natafuta kitu cha kumrushia na macho yangu yakatua kwenye tofali. Bahati yake, na yangu, Mama alitangulia.

"Kichwa changu kizima," akawaambia wageni. "Nilikuwa nakuja getini kuwapokea. Nimekwama hapa ninapokwama siku zote. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Msikanyage hapa, mwanangu amenipakia poda."

Bibi mwenye fimbo aliinama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akampa mjukuu wake avishike. Kisha akakanyaga lipu. Kaka alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Bibi akakanyaga tena, na tena, fimbo ikitoboa mashimo kando ya nyayo zake, mpaka akafika alipo Mama na kumpa mkono. Akaparua chini kwa kidole gumba cha mguu, lipu ikachubuka, ufa ukatokeza.

"Ulianguka hapa?"

"Hapa hapa."

"Mimi wangu ni kizingiti cha bafuni," akasema yule bibi. "Mwanangu anasema atakiangalia."

Huko getini mzee mwenye kofia akaanza kuikagua kofia yake. Mama akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu aanguke. Kilianza kidogo, kikapanda, kikaishia kwenye kikohozi kama zamani. Bibi naye akacheka. Walicheka pale katikati, mmoja ndani ya kiti, mwingine peku, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuwaingilia.

"Fundi," Mama akaita alipopata pumzi. "Hiyo nyundo umeileta ya nini?"

"Ya kuvunjia mteremko, mama."

"Lete hapa. Nitoeni kwanza, halafu upige hapa nilipokuwa. Vunja pande zote mbili, kama ulivyosema siku ile ya kwanza. Nilikuwa dirishani, nilikusikia."

Fundi akamtazama Kaka. Nilitamani kumnyonga.

"Nyumba hii ni ya nani?" Mama akamuuliza.

"Yako, mama."

"Haya."

"Ndiyo, mama," akasema Fundi Ndiyo, na kwa mara ya kwanza ndiyo yake ikanifurahisha.

Wakwe walinywea chai barabarani, mbele ya geti, kwenye viti vya kuazima, Mama akiwa katikati yao anapata habari za ukoo wao mzima huku nyuma nyundo ikilia. Kaka alikaa pembeni akijibu simu ambazo hazikuita. Harusi haikuvunjika, kinyume chake, yule bibi alisema ameridhika. Jioni Kaka aliondoka bila kuniaga. Honi alipiga, hiyo hakuisahau.

Walivunja, wakashindilia, wakamwaga zege lenye nondo, wakakata mistari. Kumwagilia maji Mama hakumwachia mtu. Alikaa juu ya mteremko wake na mpira wa maji mapajani, asubuhi na jioni, analowesha zege lake na kumfokea paka. Sisi wengine tulipita kwenye mbao. Siku moja Kaka akaja, akapiga honi, akapiga tena. Nikaanza kuinuka kwa mazoea.

"Kaa," Mama akasema.

Honi ikalia mpaka ikachoka. Kisha tukasikia mlango wa gari, hatua, na mtu anagonga geti kwa mkono. Alipoingia hakuomba radhi, si kwa Mama si kwangu, na hadi leo hajaomba. Alitembea juu ya mbao, akatazama zege, akasema limetoka vizuri, kwa sauti ya mtu aliyelimwaga yeye. Nilimeza mate. Bado nayameza.

Fundi alipokuja kuligonga zege na kusema limeshika, nilikuwa barazani napepeta mchele. Mama alikuwa amekwisha kuyashika magurudumu. Alishuka mteremko, akavuka pale palipokuwa na ufa bila hata kupatazama, akawa anakwenda. Nikatupa ungo, nikakimbia nyuma yake mikono mbele, tayari kushika vishikio vya kiti.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Alikuwa amekwisha kufika getini, anavuta komeo mwenyewe kwa ule mkono uliovunjika.

"Nje," akasema.